Stenti tunayoifuata kwa ndege siyo ile inayookoa maisha

Hapa Lubumbashi siku hizi ukiingia kwenye grupu lolote la WhatsApp, la familia, la kanisa, la wale mliosoma nao, haipiti muda mrefu kabla hujaona tangazo la kukotiza, yaani kuchangishana: papa (baba) fulani ana tatizo la moyo, mishipa imeziba, dokta kasema lazima aende India au Johannesburg awekewe stenti, kale kabomba kadogo ka wavu wa chuma kanakoshikilia mshipa wazi, tafadhali kila mtu atume chochote kwa M-Pesa au Airtel Money. Watu wanatoa, sisi ni watu wa kutoa, na zisipotosha familia inauza gari, na gari likiisha inauza lupango, kiwanja chake. Sina ugomvi na kukotiza. Ugomvi wangu ni kwamba franga zinatumwa na hakuna hata mmoja kwenye grupu aliyeuliza huyo papa anaenda kuwekewa stenti ya nini hasa, ya kumpunguzia maumivu au ya kumzuia asife. Chuma ni kile kile lakini kazi ni mbili tofauti kabisa, na ile kazi ya pili, ya kuokoa maisha, haisubiri viza.

Moyo pamoja na kazi yote ya kusukuma damu mwilini, wenyewe unalishwa na mishipa midogo iliyoulalia kwa juu, upana wake milimita 3 au 4 hivi. Mikubwa ni mitatu: mmoja unashuka mbele na ndio unaolisha sehemu kubwa ya moyo, mwingine unazunguka nyuma kwa kushoto, wa tatu uko kulia. Miaka inavyokwenda, kwa tansio (presha ya damu), sukari, sigara, kolesteroli na kile ulichorithi kwa wazazi, mafuta yanajijenga ndani ya ukuta wa mshipa, ndani ya ukuta wenyewe, siyo kupakazwa tu juu juu kama wengi wanavyofikiria. Na mafuta hayo yanakuletea taabu kwa njia mbili. Moja ni ya polepole: mshipa unabana kidogo kidogo mpaka siku unapanda ngazi au unasukuma kigari cha mizigo pale soko la Kenya, kartie ya hapa mjini, kifua kinabana, ukikaa chini dakika chache kinaachia. Nyingine ni ya ghafla: ule ukuta wenye mafuta unapasuka, damu inaganda hapo hapo juu ya kidonda, mshipa unaziba wote, na nyama ya moyo iliyokuwa inakula kupitia mshipa ule inaanza kufa. Hiyo ndiyo krizi ya moyo, na hiyo ndiyo inayoua.

Sasa kuna jambo ambalo hata watu waliosoma sana linawapita: pale panapopasuka mara nyingi sipo pale palipobana zaidi. Mtu anaweza kuwa na sehemu iliyobana asilimia 80 ambayo ni ngumu, imekomaa, imetulia miaka, na pembeni yake kuna kauvimbe kadogo ka mafuta laini kanakobana asilimia 40 tu, hakamuumizi, hakaonekani kwenye mazoezi, na ndiko kanakopasuka usiku wa Jumanne. Stenti inafungua sehemu moja ya milimita 20 au 30. Mshipa uliobaki unaendelea na ugonjwa wake. Ukishaelewa hilo, matokeo ya tafiti za miaka hii hayatakushangaza, ingawa yaliwashangaza na hata kuwakasirisha madokta wengi wa moyo.

Mwaka 2007 ulitoka utafiti unaoitwa COURAGE, wagonjwa 2287 wa Marekani na Kanada, wote wana mishipa iliyobana lakini hali yao imetulia, wakagawanywa kwa bahati nasibu: hawa wapate dawa nzuri peke yake, hawa wapate dawa hizo hizo pamoja na stenti. Wakafuatiliwa zaidi ya miaka 4. Vifo na krizi za moyo vikawa karibu sawa. Watu wakalalamika, oh stenti zilikuwa za zamani, oh wagonjwa hawakuwa wagonjwa sana, basi ukafanywa mwingine mkubwa zaidi, ISCHEMIA, ukatoka 2020, wagonjwa 5179 kutoka nchi 37, na hao walichaguliwa makusudi wale ambao vipimo vilionyesha moyo kweli unakosa damu kwa kiasi kikubwa. Jibu likawa lile lile: kwa mtu aliyetulia, kukimbilia anjiografia (picha ya mishipa, nitaieleza chini) na stenti au upasuaji hakukupunguza vifo ukilinganisha na kuanza na dawa. Kilichopungua ni maumivu ya kifua, kwa wale waliokuwa nayo mara kwa mara.

Na hata hayo maumivu yana hadithi yake. Mwaka 2017 Waingereza walifanya jambo ambalo hakuna aliyethubutu kabla yao, walichukua wagonjwa 200, wote wakalazwa, wote wakaingizwa mpira mwembamba mpaka kwenye moyo, lakini nusu yao tu ndio waliwekewa stenti, wengine waliwekewa hakuna kitu na hawakuambiwa. Baada ya wiki 6 wakapandishwa kwenye mashine ya kutembea. Tofauti ya muda wa kutembea ilikuwa ndogo kiasi kwamba kitakwimu haikuhesabika. Hao walikuwa tayari wamepewa dawa za kutosha, ndiyo maana timu hiyo hiyo ilirudi 2023 na wagonjwa 301 ambao waliachishwa dawa za maumivu, na hapo stenti ikaonyesha kweli inapunguza maumivu kuliko kudanganywa. Kwa hiyo siyo uongo kwamba stenti inasaidia. Inasaidia maumivu. Yule papa anayerudi kutoka India anatembea vizuri na kushukuru Mungu kanisani hadanganyi mtu. Ila kanisa zima linatoka pale likiamini ameokolewa na kifo, na hapo ndipo hesabu inaharibika, manake jirani yake akiambiwa na dokta ameze dawa kwanza anaona anadharauliwa, anaona anaachwa afe kwa sababu ni masikini.

Tuje kwenye picha, manake picha ndiyo inayowatisha watu mpaka wanauza nyumba. Ukionyeshwa anjiografia, ile sinema ya eksirei wanayopiga baada ya kukuingizia mpira kupitia mkononi na kumwaga rangi yenye ayodini ndani ya mishipa, ukaona mshipa wako mahali fulani umekondeka kama uzi, nani atakaa kimya? Utasema nifungueni leo. Lakini unachokiona pale ni kivuli cha damu inavyopita, ukuta wenyewe huuoni, na kivuli hakisemi kama damu inayofika mbele inatosha au haitoshi. Ndiyo maana Nico Pijls wa Uholanzi na Bernard De Bruyne wa Ubelgiji walihangaika na kawaya kembamba kenye kipimo cha presha kwenye ncha: unakapitisha mpaka upande wa pili wa sehemu iliyobana, unalinganisha presha ya mbele na ya nyuma, ikiwa mbele inafika zaidi ya 0,80 ya nyuma basi acha mshipa huo na maisha yake. Mwaka 2009 utafiti wao wa FAME, wagonjwa 1005, ulionyesha waliopimwa kwa kawaya waliwekewa stenti chache, wastani 1,9 kwa mtu badala ya 2,7, na baada ya mwaka walipata matatizo kidogo kuliko wale ambao dokta aliamua kwa macho, asilimia 13 dhidi ya 18. Stenti chache, matatizo kidogo. Ukienda huko nje na ukaambiwa utawekewa 3 au 4, muulize dokta kwa heshima kama wamepima presha au wameangalia tu. Swali hilo halimtukani mtu, na likimkasirisha umeshajua kitu.

Kuna picha nyingine ambayo mimi naiona ina faida zaidi kwa watu wetu, ile ya skaneri ya mishipa ya moyo. Hapo huingizwi mpira kwenye moyo, unachomwa sindano ya rangi mkononi, unashika pumzi sekunde chache, mashine inazunguka. Lakini siyo kila skaneri inaweza, inatakiwa angalau ile ya safu 64, na mapigo ya moyo yawe chini, karibu 60 kwa dakika, kwa hiyo wanakupa kidonge cha kutuliza moyo kabla, na figo zipimwe kwanza juu ya ile rangi, na anayetumia metformini ya sukari aseme mapema. Uzuri wake wa kwanza ni kusema hapana: ikitoka safi, karibu hakika kabisa mishipa yako mikubwa haijabana, rudi nyumbani, tafuta sababu nyingine ya maumivu. Uzuri wa pili uligunduliwa Scotland, utafiti wa SCOT-HEART, wagonjwa 4146 wenye maumivu ya kifua, matokeo ya miaka 5 yakatoka 2018: kundi lililoongezewa skaneri lilikuwa na vifo vya moyo na krizi asilimia 2,3, kundi lingine 3,9. Na siyo kwa sababu waliwekewa stenti nyingi, hapana, baada ya miaka 5 idadi ilikuwa karibu sawa. Ilikuwa kwamba picha iliwaonyesha madokta mafuta ambayo bado hayajabana, wakaandika statini, kidonge cha kushusha kolesteroli, na aspirini, na mgonjwa aliyeyaona mafuta yake kwa macho akazimeza. Yaani picha iliokoa watu kwa njia ya kidonge.

Na kabla hata ya picha kuna maswali, ambayo hayana fakture, hayalipiwi. Je maumivu yako katikati ya kifua, yanabana kama uzito, siyo kuchoma pointi moja unayoweza kuonyesha kwa kidole? Je yanakuja ukijitahidi, ukipanda, ukibeba, ukikasirika? Je yanaondoka ndani ya dakika 5 hivi ukipumzika au ukiweka kidonge cha nitro chini ya ulimi? Majibu matatu ya ndiyo kwa mwanaume wa miaka 60 mwenye tansio ni jambo zito hata kama elektro yake, kile kipimo cha umeme wa moyo, ni nzuri, manake elektro ukiwa umelala umetulia inaweza kuwa nzuri kabisa na mishipa imebana. Jibu moja au sufuri kwa msichana wa miaka 25, tafuteni kwingine. Nasema hivi kwa sababu neno moyo kwetu limekuwa gunia, kila kitu kinatupwa humo. Miguu imevimba, pumzi haitoshi usiku, mtu anasema mishipa imeziba apelekwe stenti, wakati utafiti wa THESUS-HF uliotoka 2012, watu wazima na vijana 1006 waliolazwa kwa moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika, ulikuta tansio ndiyo chanzo kwa karibu asilimia 45, na mishipa iliyoziba ilikuwa chini ya asilimia 8. Congo haikuwemo kwenye nchi hizo 9 lakini tansio ya Katuba hapa mjini na tansio ya Kampala ni ndugu. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji eko (ultrasaundi) ya moyo na vidonge vya kila siku, ukimpandisha ndege kufuata stenti umemsafirisha bure.

Haya, sasa ile stenti nyingine, ile inayookoa kweli.

Mtu amepata krizi, mshipa umeziba wote, elektro inaonyesha ile alama ambayo enfirmie (muuguzi) aliyefundishwa vizuri anaitambua. Hapo hakuna ubishi kati ya tafiti, kufungua mshipa huo kunaokoa maisha, na kila nusu saa inayopita nyama ya moyo inakufa na hairudi. Miongozo ya Ulaya inasema kama unaweza kumfikisha mgonjwa kwenye puto la kufungua mshipa na stenti ndani ya dakika 120 tangu elektro imeonyesha, mpeleke, na kama huwezi, mpe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, uanze ndani ya dakika 10. Dakika 120! Hata ungekuwa na ndege yako mwenyewe imepaki uwanja wetu wa Luano na rubani amekaa ndani anakusubiri, Johannesburg hufiki kwenye kitanda cha anjiografia ndani ya dakika 120. Na kwa barabara, ukitoka mjini mpaka Kasumbalesa mpakani ni kama kilomita 90 na kitu, halafu msururu wa malori ya shaba, halafu makaratasi, halafu bado hujafika popote penye moyo. Ndiyo maana nikasema ile stenti inayoweza kufuatwa kwa ndege ni ya mtu ambaye angeweza kusubiri, na mtu anayeweza kusubiri mara nyingi hakuwa anakufa na kitu ambacho stenti ingekizuia. Wale wanaokufa hawapandi ndege. Wanakufa hapa mjini, Kamalondo, saa tisa usiku, na asubuhi tunasikia: bamemuloga, jana tu alikuwa muzima.

Nimesikia hiyo ya buloji (uchawi) kwenye matanga mengi sana. Papa wa miaka 50, mnene kidogo, tansio anayo ila dawa aliacha juu hasikii kitu, usiku kifua kinambana, jasho baridi, mkono wa kushoto mzito, taya linauma, anatapika. Mke anasema ni gastriti, anampa maziwa. Jirani analeta omeprazoli. Sentri ya sante ya kartie (kituo cha afya cha mtaa) iko wazi lakini elektro haina karatasi, au iko kwenye kabati na ufunguo anao dokta ambaye amelala kwake, kartie ya Golf. Wanampa sindano ya maumivu, wanasema arudi asubuhi. Hapo hakuna mchawi, kuna kabati lililofungwa.

Na tiba iliyotakiwa kwenye kartie ile siyo ya ajabu. Mwaka 1988, wengi mnaosoma hapa hamjazaliwa, ulitoka utafiti wa ISIS-2, watu 17187 waliofikiriwa wamepata krizi ya moyo. Aspirini peke yake, kidonge cha senti chache, ilipunguza vifo kwa asilimia 23. Streptokinasi, dawa ya kuyeyusha damu, peke yake asilimia 25. Zote mbili pamoja, asilimia 42. Miaka ya 1990 wakajumlisha tafiti zote kubwa za dawa hizi, wakakuta kwa kila watu 1000 wanaopewa ndani ya saa 6 za mwanzo wanaokolewa kama 30 zaidi, na faida inaendelea kupungua mpaka saa 12. Streptokinasi imo kwenye orodha ya dawa za lazima ya WHO, ni drip ya saa moja. Iko na mpya zaidi, tenekteplasi, sindano moja tu ya mshipa kwa uzito wa mgonjwa, ghali zaidi lakini hata enfirmie mmoja usiku anaweza kuitoa akiwa na orodha ya maswali mbele yake: aliwahi kupata damu kwenye ubongo? Alipasuliwa karibuni? Tansio iko juu kupita kiasi? Manake ina hatari yake, mtu mmoja hivi kati ya 100 anaweza kuvuja damu kichwani, na hilo familia inatakiwa iambiwe wazi. Hata aspirini yenyewe ina watu wa kuikwepa, mwenye mzio nayo au anayetapika damu, lakini kwa wengi wenye dalili zile, kutafuna miligramu 300 wakati mnatafuta gari ndiyo tiba ya kwanza na mara nyingi ndiyo pekee watakayopata usiku ule.

Mtu ataniambia, basi tudai chumba cha anjiografia hapa hapa. Nakubali kidogo tu. Chumba kile siyo kununua mashine na kukata utepe mbele ya gavana. Ni umeme usiokatika, na deleste (mgao wa umeme) ya shirika la SNEL tunaijua sote, mgonjwa ana mpira ndani ya moyo na kartie nzima iko giza. Ni stenti za kila saizi kabatini za kutosha mwezi, ni rangi, ni mafundi, ni timu mbili au tatu za kubadilishana usiku. Na ni mikono iliyozoea: miongozo ya Ulaya ya 2018 ilitaka dokta anayefungua mishipa ya watu wa krizi afanye angalau 75 kwa mwaka, kwenye hopitali inayofanya si chini ya 400. Chumba kinachofanya wawili kwa mwezi ni hatari kwa mgonjwa kuliko ubishi wetu wote hapa. Kije, ndiyo, mji wa shaba na kobalti haukosi cha kukilipia, lakini kikija kabla ya elektro ya Katuba na ya Ruashi kitawahudumia wale wale ambao hata leo wanapanda ndege.

Halafu kuna utafiti ambao naona uliandikwa kama kwa ajili yetu ingawa haukufanywa kwetu. Unaitwa STREAM, 2013, watu 1892 wenye krizi chini ya saa 3 ambao hawangeweza kufikishwa kwenye stenti ndani ya saa moja. Kundi moja likapewa tenekteplasi hapo walipo, halafu anjiografia kati ya saa 6 na 24 baadaye kwa wale ambao mshipa ulifunguka, kundi lingine likapelekwa moja kwa moja. Vifo na balaa nyingine kubwa ndani ya siku 30: asilimia 12,4 kwa dawa kwanza, 14,3 kwa stenti moja kwa moja. Karibu sawa. Zaidi ya theluthi ya waliopewa dawa haikutosha, walihitaji kufunguliwa haraka, hilo lazima lisemwe, na kwetu hao wangekuwa kwenye shida. Lakini theluthi mbili nyingine walipata muda. Na mtu aliyepata muda, huyo sasa mkotizie, huyo ndege inamfaa, anaenda kufanyiwa picha akiwa hai na mshipa uko wazi.

Wapo na wengine ambao ningetuma franga zangu bila kuuliza sana. Mwenye shina kuu la kushoto limebana, lile kabla mishipa haijagawanyika, ISCHEMIA hata haikuwachukua hao. Ambaye moyo wake umeshalegea na mishipa imebana. Ambaye amemeza dawa mbili za maumivu kwa kipimo kamili na bado hawezi kutembea mpaka kwenye choo cha uani. Ambaye maumivu yalikuwa ya kupanda ngazi na wiki hii yanamkuta amekaa, huyo hata asisubiri grupu, aingie hopitali leo. Na mwenye sukari ambaye mishipa mingi imebana, huyo aulize kabisa kwa nini stenti na siyo kupasuliwa na kupandikizwa mishipa mingine, manake utafiti wa FREEDOM wa 2012, watu 1900 wenye sukari, baada ya miaka 5 waliokufa kwenye kundi la stenti walikuwa asilimia 16,3 na kwenye kundi la upasuaji 10,9. Hiyo ni tofauti kubwa na inafichwa na ukweli kwamba stenti inachukua siku mbili na kidonda chake ni tundu mkononi.

Hili lingine nalisema haraka lakini linaua. Familia inakusanya maelfu ya dola ya safari na haiweki hata kidogo pembeni ya vidonge. Stenti mpya inatakiwa isindikizwe na aspirini na klopidogreli au ndugu yake, kawaida miezi 6 kwa aliyekuwa ametulia, miezi 12 kwa aliyepata krizi, na aspirini mara nyingi inaendelea maisha yote. Ukiikatisha mwezi wa pili kwa sababu paketi imeisha na farmasi ya Bel-Air imekosa, damu inaweza kuganda ndani ya chuma chenyewe, na hapo unapata krizi ambayo umeilipia nauli. Mnunue vidonge vya mwaka mzima kwenye bajeti ile ile ya tiketi. Na mdai ripoti iliyoandikwa mshipa gani, stenti ya saizi gani, pamoja na CD ya picha, siyo karatasi moja ya fakture yenye muhuri, manake dokta wa hapa atakayemuona papa baada ya miezi mitatu hawezi kusoma fakture.

Sasa nani alipe elektro na sindano za kartie? Leta, yaani serikali, ndiyo, tunajua tunavyoisubiri Leta. Lakini Haut-Katanga na Lualaba tuna kitu ambacho majimbo mengi hayana. Sheria ya migodi (Code minier) iliyorekebishwa 2018 inalazimisha kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii zinazoathirika na mgodi, na jamii zina viti kwenye meza inayoamua. Kwenye meza hizo tunajenga sana kuta, darasa, jengo la sentri lenye rangi mpya na jina la kampuni ukutani, ndani hakuna kitu. Mwenye kiti pale angeweza kuomba elektro moja kwa kila sentri inayolala wazi, karatasi zake za mwaka, simu ya kutuma picha ya elektro kwa dokta wa moyo saa yoyote na posho ya huyo dokta kuamka, aspirini, na dozi chache za tenekteplasi zinazobadilishwa kabla hazijaisha muda, pamoja na mafunzo ya maenfirmie. Wakubwa wa kampuni wao wana bima ya kuhamishwa kwa ndege mgonjwa akizidiwa, lakini nimeshaeleza ndege inafika lini, kwa hiyo hata bosi mwenyewe usiku wa krizi atategemea sindano ya kartie kama dereva wake.